Nani Kaiweka Hiyo E?

Karatasi ile ilinijia ikiwa imefungia vitumbua sita. Ilikuwa Aprili 2021, Ramadhani imeshaingia, masika yamekazana, na mimi nimepanga chumba cha uani Ngamiani, Tanga, mwaka wangu wa pili tangu nihamishiwe huko kufundisha Kiswahili sekondari. Mimi ni mtu wa Njombe na sifungi. Lakini mama mwenye nyumba, niliyemwita Bi Mkubwa kama alivyoitwa na mtaa mzima, alishanitangazia siku ya kwanza ya mfungo kwamba nyumbani kwake hakuna mtu atakayejifungia chumbani na mkate wake mkavu wakati wenzake wamezunguka sinia. Kwa hiyo kila jioni nilitoka na changu mkononi. Siku tende, siku tambi, siku hiyo vitumbua.

Nilipovihamishia kwenye sahani ndipo nikaona miraba. Chemshabongo, kumi na tatu kwa kumi na tatu, na juu yake neno moja: Jikoni. Upande wa pili palikuwa na tangazo la mabati. Jina la gazeti halikuwepo, tarehe haikuwepo, ila chini kabisa mtunzi ameahidi kwamba majibu yatatoka toleo lijalo. Toleo lijalo la nini? Pengine nalo lilikwishafungia bajia za watu miaka mingi iliyopita.

Niseme ukweli, mimi chemshabongo ni maradhi yangu. Tangu chuo, gazeti nikilishika naanza nalo nyuma. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu habari za Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi kwenye gazeti la New York World, ambaye tarehe 21 Desemba 1913 alichapisha fumbo la maneno lenye umbo la almasi, na dunia haijatulia tangu siku hiyo. Nikiisha kuwasimulia nawapa la kwao walijaze. Kwa hiyo kukutana na la Kiswahili, tena la chakula, halafu halina majibu popote chini ya jua, nililiona kama nimetumiwa barua kwa jina langu.

Nikachukua kalamu ya wino. Kumbuka hilo la wino.

Ya mwanzo yalikwenda kama maji. "Hukoroga, tena hukatazwa", herufi tano: MWIKO, ule wa kusongea ugali na ule wa mila. "Kenya huamkiwa, Tanzania hukaangwa", sita: NYANYA, maana wenzetu kule ndivyo wanavyowaita bibi zao. Nikacheka peke yangu. "Hukuna bila kuwashwa", tano: MBUZI, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wa meno cha kukunia nazi. Mbuzi huyo nilimjua kama mtu anavyomjua waziri, yaani jina na picha. Nimemfundisha darasani mara nyingi chini ya kichwa cha maneno yenye maana zaidi ya moja, akifuatana na kaa na kata, lakini kumkalia sijawahi. Kwetu Njombe ni nchi ya viazi na makande, na chakula kinaungwa kwa mafuta au karanga. Nazi ilikuwa kitu cha wageni.

Kufika dokezo la nne nikagundua mchezo wa yule mtunzi, nikamvulia kofia. Takriban madokezo yake yote kitenzi chake kilianza na hu-. Hukoroga, huamkiwa, hukuna. Mwalimu wa Kiswahili anajua hu- ni ya mazoea, na anajua haibebi kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Angeandika "linakuna" au "kinakoroga", angeshanionyesha nusu ya jibu, maana ngeli ikijulikana nimeshajua neno linaanza vipi, ki- au m- au ji-. Kwa hu- amefunga pazia. Nimeifundisha hu- hiyo kidato baada ya kidato, naiandika ubaoni na mifano yake ya jua huchomoza na maji hufuata mkondo, sikuwahi kuiona kama pahali pa kujifichia.

Kwenye chemshabongo za lugha yetu pazia hilo lina maana kubwa, kwa sababu herufi zenyewe hazikusaidii sana. Waingereza neno lao linaweza kuishia na chochote. Letu huishia na irabu, basi, na irabu ni tano tu. Ukipata C, H iko mlangoni inasubiri. Q na X hazitakuja kukuokoa. Katikati M imemtangulia B kila mahali. Neno la Kiswahili likibaki na matundu mawili matatu, yanayoingia humo ni mengi, na yote yanakaa vizuri kama yalizaliwa humo.

Ndivyo nilivyonaswa.

Kutoka kwenye K ya MWIKO lilishuka neno la herufi saba, na dokezo lake lilisema: "Tui hupita humo kabla ya kufika chunguni." Mimi tui nililolizoea ni la pakiti. Unakata pembe, unamimina kwenye kikombe upime, unatia kwenye chungu. KIKOMBE. Nikahesabu: saba. Kikaanza na K, kama kilivyotakiwa. Nikakumbuka na kile kitendawili tulichotegwa tukiwa wadogo, Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni, nikaona hata wazee wamenipa mkono. Nikaandika.

Safu ya tatu, neno la herufi nne lilikatiza pale pale kwenye K ya pili ya kikombe changu. Dokezo: "Huliwa kabla ya wakati kufika." Nilikuwa na kitu-kitu-K-kitu. Sasa fikiria mtu yuko Tanga, Ramadhani, na saa tisa usiku wa kuamkia siku hiyo ameamshwa na vijana wanaopita wakipiga debe chini ya dirisha lake. Atajibu nini? DAKU, bila shaka. Daku huliwa kabla alfajiri haijafika. K ikakaa juu ya K kama kifuniko cha chungu chake. Halafu kwenye safu ya tano kukawa na "Asubuhi hufuatana na mahamri", sita, nikaandika MBAAZI, na M yake ikaangukia palepale kwenye M ya kikombe. Hapo sikuwa na shaka tena. Maneno matatu yameshikana mikono, nani atayaachanisha?

Adhana ikaita, nikatoka na vitumbua vyangu na karatasi yangu.

Siku zote mkeka ulitandikwa uani, chini ya paa la bati, Bi Mkubwa upande mmoja na wajukuu zake wawili upande wa pili. Baada ya tende na uji wa pilipili manga, watoto wakaanza kula, na mimi nikaanza kutazama karatasi kwa jicho la pembeni. Kulikuwa na neno la herufi nne lililonitesa: "Kofia ya futari." Nikasema kwa sauti, nikijua nitachekwa.

"Bi Mkubwa, futari huvaa kofia?"

Akaacha kutafuna. "Hicho kitendawili?"

"Kama kitendawili, ila cha kuandika."

"Basi nipe mji."

Nilikuwa nimesahau kwamba mambo haya yana sheria. Ukishindwa, unatoa mji. Nikampa Njombe.

"Njombe baridi, siutaki. Nipe mwingine."

"Mwanza."

"Mwanza nimekwenda," akasema, akikaa vizuri, "nikakaribishwa, nikaletewa sato mzima, wakanishika nisiondoke, nikawaambia wajukuu zangu wananingoja." Halafu akanyosha mkono akakigonga kidude cha ukili kilichofunika sahani ya mbele yangu, chekundu na kijani, chenye umbo la mlima. "Kawa."

Nilikuwa nakitazama dakika kumi nzima. Nilikuwa nimekifunua mwenyewe na kukifunika tena siku saba mfululizo. Sikujua kina jina.

Tangu hapo ikawa mchezo wa nyumba nzima. Nasoma dokezo, nikishindwa nalipa mji. "Ndugu yake nyanya, kisiwani", saba. Nikalipa Dodoma, nikapewa TUNGULE, maana Bi Mkubwa ni mtoto wa Wete, Pemba, amekuja Tanga akiwa mwari. "Hubaki baada ya kukamuliwa", sita. Nikalipa Mbeya, nikapewa CHICHA. Yule mjukuu mkubwa akaniambia polepole, kwa huruma, kwamba chicha wanapewa kuku. Nikaanza kuishiwa na miji mikubwa.

Umeme ulipokatika tukawasha taa ya simu, na wakati tunasubiri chai nikawasimulia habari ya mwaka 1944. Wiki chache kabla majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao hayajavuka bahari kwenda Normandy tarehe 6 Juni, chemshabongo za gazeti la Daily Telegraph la London zilianza kutoa majibu ya kutisha: Utah, Omaha, Overlord, Neptune, Mulberry. Yote yalikuwa majina ya siri ya mpango huohuo wa kivita. Mulberry ilikuwa jina la bandari za kuelea ambazo wangezivusha. Watu wa usalama wakamwendea mtunzi, Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule, wakamhoji, wakakuta hana habari.

"Na hiyo malberi ndiyo nini?" akauliza Bi Mkubwa.

"Forosadi."

"Mwalimu mzima wamemfuata kwa ajili ya forosadi?"

"Kwa ajili ya forosadi."

Akawageukia wajukuu zake. "Mnaona? Ndiyo maana nawaambia msiandikeandike ovyo ukutani."

Tulirudi kwenye karatasi. Safu ya saba palikuwa na neno la herufi saba, na herufi yake ya mwisho ilikaa juu ya herufi ya mwisho ya kikombe. Yaani liliishia na E. Dokezo: "Hugombewa sufuriani." Nilishalizunguka neno hilo mara tano. Kinachogombewa sufuriani ninakijua, tumepigana miiko nyumbani kwetu kwa ajili yake, ule wali uliokauka na kushika chini, mwekundu, unaolia ukitafuna. Ukoko. Lakini ukoko ni herufi tano.

Bi Mkubwa hakuhitaji hata mji. "Matandu."

"Yapi hayo?"

"Hayo hayo. Nyinyi mnaita ukoko. Sisi utandu, matandu." Akahesabu kwa vidole, ma, ta, ndu, akaona vidole havitoshi, akaniachia mimi. M-A-T-A-N-D-U. Saba.

Hapa ndipo niliposema neno ambalo nikilikumbuka mpaka leo masikio yanapata moto. Nikamwambia, kwa sauti ile ya darasani, "Haliwezi kuwa hilo, Bi Mkubwa. Neno hili linaishia na E."

Akaniangalia. Hakukasirika. Akauliza tu, kama mtu anayeuliza chumvi imetiwa na nani:

"Nani kaiweka hiyo E?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Niliyeiweka ni mimi. Mtunzi hakuiweka. Karatasi ilikuja haina herufi hata moja, zote zilizokuwa pale ni za mkono wangu, na saa nzima nilikuwa nazitumia kama sheria, namkatalia mtu jibu sahihi kwa ushahidi nilioutunga mwenyewe.

"Nisomee hilo lililoleta E," akasema.

"Tui hupita humo kabla ya kufika chunguni."

"Umeandika nini?"

"Kikombe."

Wajukuu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Bi Mkubwa hakucheka. Akanyanyuka akishika goti, akaingia jikoni na taa yangu, nikasikia vyombo vikigongana, akarudi na kitu kilichoning'inia kwenye kidole chake kwa kitanzi. Kilikuwa kama mfuko mdogo uliosukwa kwa ukindu, mrefu kuliko kiganja cha mkono wangu, kimekauka, kimekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akanipa nikishike. Kilikuwa chepesi kama kiota. Puani kilinipa harufu ya mafuta ya nazi ya zamani sana.

"Siku hizi tunatumia chujio la plastiki, au kitambaa," akasema. "Lakini hiki cha mama yangu sikukitupa." Akanionyesha kwa mikono mitupu: nazi iliyokunwa inaingia humu na maji kidogo, unakunja mdomo, unakinyonga kama unakamua nguo, tui linatoka kwenye matundu. La kwanza zito, kasimile, hilo unaliweka kando mpaka mwisho. Halafu unarudia. Mikono yake ilikuwa inanyonga hewa na mishipa inasimama, kana kwamba kuna kitu kweli.

"Kinaitwaje?"

"Nipe mji."

Nikampa Dar es Salaam yote, sikubakiza kitu.

"Kifumbu."

K-I-F-U-M-B-U. Nikaandika pembeni mwa karatasi, kikombe juu, kifumbu chini, ndipo nikaona ukubwa wa mtego. K kwa K. I kwa I. M kwa M, B kwa B. Katika herufi saba, nne ni zilezile, mahali palepale. Yale MBAAZI niliyoyachukua kama shahidi yalikuwa yanashuhudia wote wawili, mwizi na mwenye mali. Na DAKU je? K ikiondoka ikaja F, daku linageuka DAFU. Huliwa kabla ya wakati kufika: ndiyo, dafu ni nazi iliyoangushwa kabla haijawa nazi. Ukiiacha inakwenda koroma, ndipo nazi yenyewe. Dokezo moja, majibu mawili yaliyo sawa kabisa, herufi moja kati yao. Sijui kama yule mtunzi alikusudia. Mimi naamini alikusudia. Naamini alikaa mahali akacheka.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nimejiwekea sharti la kutogusa kamusi mpaka nimalize, nikalivunja, nikaenda kuangalia utandu. Limo. Kifumbu nacho kimo. Miaka yote hiyo kamusi imekaa kwenye rafu yangu, nimebebana nayo kutoka chuo mpaka Tanga, na maneno yamo ndani yametulia.

Lakini lililoniuma zaidi halikuwa kutojua. Mtu wa Njombe asipojua kifumbu hana kosa. Lililoniuma ni jinsi nilivyokuwa na uhakika. Nilikuwa nimefanya jibu moja baya, nikalitumia kupata la pili baya, kisha la pili nikalirudisha kuwa ushahidi wa la kwanza. Kikombe kinathibitisha daku, daku linathibitisha kikombe. Ni kama ndugu wawili wa tumbo moja wanaotoa ushahidi mahakamani, kila mmoja anasema muulizeni mwenzangu. Na nikimtazama nyuma yule mwalimu niliyekuwa, naona nilifanya hivyo hivyo na watu. Mwanafunzi akichelewa mara mbili nimeshampa jina, na kila anachofanya baada ya hapo nakisoma kwa jina hilo. Nilikuwa na kijana mmoja wa kidato cha pili niliyemwandika mvivu tangu Januari. Baada ya kisa cha E nilimwita nikamuuliza asubuhi yake inaendaje. Ilikuwa inaanza saa kumi, sokoni, na kapu la samaki la mama yake. Hilo tuliache, ni la kwake.

Kwenye chemshabongo mazoea yangu yamebadilika hivi: jibu ninalolipata kwa dokezo peke yake naliandika kwa mkazo. Jibu lililoletwa na herufi za jirani naliandika kwa wepesi, halafu namtafuta jirani mwingine asiyejuana na yule wa kwanza. Na neno likikataa kuingia kabisa, siku hizi sianzi na hilo neno. Naanza na zile herufi zinazolikatalia, nauliza zimeletwa na nani.

Asubuhi yake mjukuu mdogo aliniletea penseli. Alisema bibi yake kamtuma. Wino ulishaharibu karatasi, sehemu yenye mafuta kalamu ilikuwa inateleza bila kuandika, na pale nilipolazimisha F juu ya K pametoboka.

Tulibaki na neno moja. Herufi sita, ya pili L kutoka kwenye WALI, ya mwisho I kutoka kwenye ACHARI. Tatizo halikuwa jibu, tatizo lilikuwa swali. Dokezo lake liliangukia palepale kitumbua cha chini kilipokuwa kimekaa, na mafuta yameipenya karatasi hadi maandishi ya nyuma yamekuja mbele. Ukisoma unapata nusu dokezo, nusu mabati, maneno yamepandana kama nzi. Nilijaribu kuiinua kwenye jua, ikawa mbaya zaidi.

Bi Mkubwa aliichukua bila kuniuliza. Akatandaza gazeti, akaweka karatasi, akaimwagia unga wa ngano kiasi cha mkono mmoja, akausambaza kwa kiganja taratibu kama anayempaka mtoto poda, akafunika kwa gazeti jingine, juu akapandisha jiwe la kusagia viungo. "Uache ulale," akasema. Kesho yake alfajiri, baada ya daku, tulifunua. Unga umegeuka rangi, umekuwa na vidonge vidogo vya njano. Akaukung'uta kwa ncha ya khanga. Doa halikuondoka lote, lakini mabati yalikuwa yamerudi nyuma na dokezo limesimama mbele, hafifu, linasomeka.

"Mwanzi hulia, watu hulewa."

Nikamsomea. Akafikiri. Akauliza kama ni mwanzi wa filimbi. Akauliza kama ni muziki. Akajaribu kuhesabu jina la ngoma moja ya kwao, ikazidi herufi. Wajukuu walishalala tena. Nje mvua imepumzika na bati linadondosha matone ya mwisho mmoja mmoja kwenye ndoo.

"Mimi hili sina," akasema.

Mimi nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu neno la pili. Kwetu mvua zikishika, mianzi michanga hukatwa ncha, ikaanza kudondosha maji, mzee anapita asubuhi na jioni akikinga na kugema upya. Yakinywewa mapema ni matamu kama ya muwa. Yakilala, yanawalaza watu. Baba yangu mdogo alikuwa na mianzi kumi na tisa na kila mmoja aliujua tabia yake.

"Nipe mji, Bi Mkubwa," nikasema.

Akanitazama kuona kama nafanya utani. Kisha akaangalia chini, akavuta ukingo wa khanga, akakaa kimya muda mrefu kuliko mchezo unavyotaka.

"Chukua Wete."

"Wete nimekwenda," nikasema, nikijitahidi kupanga maneno kama yeye. "Nimeshuka bandarini, nikapokewa mzigo, nikapikiwa muhogo wa nazi, tui limekamuliwa kwa kifumbu. Nikaulizwa mwenyeji wangu nani, nikakutaja wewe, wakanikatalia nisilipe kitu."

"Wangekukatalia kweli," akasema.

"Jibu ni ulanzi."

"Ndiyo nini?"

"Pombe ya mwanzi. Ya kwetu."

"Astaghfirullah." Akaiangalia karatasi, akaangalia jiwe lake la viungo, akaangalia unga uliobaki kwenye gazeti. "Yaani mfungo huu, unga wangu umetumika kuifukulia pombe?"

Sikujibu. Akaanza kukunja gazeti lenye unga, pembe kwa pembe, polepole.

"Herufi ngapi?"

"Sita."

Safari hii alihesabu mwenyewe, kidole kwa kidole, akahamia mkono wa pili kwa kile cha mwisho.

"Haya, andika. Lakini kwa penseli."